Moshi wa Gobori

Juzi, nikiwa hoi baada ya kazi, niliona dukani huku Arlington, ughaibuni, kopo la baruti isiyotoa moshi. Nikalikumbuka gobori la Mjomba Seif na harufu yake ya mayai viza. Siku moja, nikiwa mdogo, alipofyatua, kanga alianguka ndani ya wingu zito la moshi. Mjomba alipapasa, kisu mkononi. Alipompata, ndege alikuwa ameshakufa.

“Kibudu! Hakuchinjwa, haliwi.”

“Si umchinje sasa, Mjomba?” nililia. Nilikuwa na hamu ya nyama.

“Nichinje maiti, we mlafi?”

Niliamini moshi ndio uliomuua. Jioni kuni zilipofuka jikoni, nilitoka mbio. Leo nina shahada mbili, najua moshi ulimficha tu. Lakini king'ora cha moshi kikilia nyumbani, wanangu hucheka: mimi ndiye wa kwanza kufika nje.