Majibu ya Baba kwa Daktari

Baba alikufa kwa kutokwa na damu tumboni, na ofisi inayolipa familia za askari ikasema tumbo halina uhusiano na vita. Mgongo walikwisha kuukubali tangu zamani. Uliumia Afghanistan, bomu lilipolipuka chini ya gari lao, akiwa na jeshi la huku Kanada, na kwa ajili yake walimlipa pensheni mpaka mwisho. Lakini ili wadogo zangu wawili wapate pensheni ya yatima, ilibidi ionekane kwamba mgongo huo ndio uliomuua.

Mimi nilijua ndio. Mama alipofariki niliacha shule, nikabaki nyumbani kwetu Lawrence Heights kumsaidia Baba kulea, na nilimwona akimeza vidonge vya maumivu kama karanga. Vile vya kununua mwenyewe dukani, bila kuandikiwa na daktari. Ndivyo vilivyomtoboa tumbo. Hospitali walituambia siku ileile aliyofariki. Ila hapakuwa na mahali palipoonyesha kwamba alivimeza kwa sababu ya mgongo.

Wakili tuliyepewa bure, mama mmoja mpole wa Richmond Hill, alinisomea yale Baba aliyokuwa akimjibu daktari wake. Anaendeleaje? Vizuri. Maumivu? Si mabaya. Miaka yote hivyo. Akaniuliza kama baba yangu alikuwa mtu wa kuficha mambo, nami nikakosa namna ya kumweleza. Kwetu Tanga mtu akikuuliza habari unasema nzuri, hata kama ndani mna maiti. Kisha anakuuliza za nyumbani, za watoto, za tangu juzi, na huko katikati ndipo unaposema nzuri, ila mgongo unanisumbua kidogo. Baba alikuwa akingoja aulizwe tena. Daktari alikuwa ameshaandika.

Wakili akasema basi itabidi mtu aliyeishi naye awaeleze watu wa ile ofisi kwenye kikao. Shangazi, dada yake Baba, aliposikia hivyo alikuja kutoka Pickering, na hakuvua hata koti.

"Tumemzika kwa heshima zake," alisema. "Sasa wewe unataka kumfunua mbele ya watu wasiomjua?"

Nikamuuliza kama watoto watakula heshima. Akaniambia nimeanza kuwa na mdomo kama wa marehemu mama yangu, kisha akakaa akalia, nami nikamwekea chai. Nilimwelewa. Msikitini Baba alisali kwenye kiti, na watu wakimuuliza aliwaambia ni goti tu, goti la uzee.

Kikao kilifanyika kwa simu, nikiwa mezani jikoni. Mdogo wangu wa kiume alikuwa shule. Yule wa kike alikataa kwenda. Anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza chake aliniambia kwamba huyo ni baba yake pia. Akakaa kwenye ngazi, akisikiliza.

Mwanamume mmoja aliniuliza asubuhi za Baba zilikuwaje. Nikasema chumba chake kilikuwa chini na vyetu juu, na kwamba aliamka kabla yetu ili asionekane akitambaa. Alitambaa kwa viwiko hadi bafuni, akameza vidonge palepale sakafuni, akangoja vifanye kazi. Watoto wakishuka walimkuta amesimama, ameegemea ukuta, anawatania kwa uvivu wao. Mchana alimeza tena, na jioni tena. Nilisema yote bila sauti kukatika. Shangazi, aliyesema amekuja kusikiliza tu, akaomba simu. Akawaambia kwamba kila alipotutembelea alimvalisha kaka yake soksi, na kwamba kaka yake alimkataza kumwambia mtu. Akanirudishia simu bila kunitazama.

Jibu lilikuja kabla baridi haijaisha. Wamekubali. Shangazi alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, kama mtu aliyepewa habari ya msiba mwingine.

Jioni hiyo mdogo wangu wa kike alinikuta nikichagua mchele. Alisimama kwanza, kisha akaongea Kiswahili, polepole, akiyatafuta maneno.

"Dada, nilipopaka rangi chumba changu, nilimwita Baba aje juu aone."

"Nakumbuka."

"Akaja. Akasema pamependeza." Akaokota jiwe dogo kwenye mchele. "Alipandaje?"

Siku ile nilikuwa chini ya ngazi, na Baba alijiwekea kidole mdomoni kunionya ninyamaze. Ningeweza kusema alishika reli. Lakini nilikuwa nimeshamweleza mtu wa kwenye simu, ambaye hakuwahi kumwona baba yetu, na huyu ni mtoto wake.

"Kwa mikono na magoti," nikamwambia. "Alipofika juu alipumzika, akajifuta jasho kwa shati, ndipo akasimama akakubishia hodi."