Choo Kimekuja, Kaburi Halijaja

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, kaburi la mke wangu lilitoweka. Nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya ardhi, hapa Tabora. Kijana wa ofisi alikuwa akihamisha mchoro wa shamba letu la Igalula kutoka programu ya mpimaji kwenda programu yao. Wanaopanga barabara mpya watafuata mchoro huo. Kisichokuwamo, greda litapita juu yake.

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. “Mzee, tazama. Nyumba imekuja. Kisima kimekuja. Choo kimekuja.”

“Na kaburi?”

Akahamisha upya. Choo kikaja tena.

“Labda mpimaji hakulipima.”

“Alilipima, mwanangu. Mimi ndiye niliyemshikia fimbo ya kupimia.”

Akampigia mpimaji, akaweka spika.

“Kaburi lipo,” mpimaji akasema. “Nililichora kwenye tabaka lake, kama karatasi ya pekee juu ya mchoro, nikalizima lisionekane ili mchoro usomeke vizuri. Programu yenu haichukui kilichozimwa.”

“Sasa si ungeniambia, kaka?”

“Hukuniuliza.”

Mpimaji akaliwasha, akautuma mchoro tena. Msalaba mdogo ukatokea nyuma ya nyumba. Kijana akauonyesha kwa kidole, taratibu. “Mama huyu hapa, mzee. Pole.”

Ninyi mliozika shambani, msitie saini mchoro kabla hamjawaona watu wenu. Wataalamu wakishaona choo, wanaridhika.

Ee Mungu, siku mchoro ulipomwacha mke wangu, wewe hukumwacha. Mpumzishe kwa amani, na barabara ipite mbali naye. Amina.