Kaswera na Watu wa Kipoyi

"Umeficha kamba yangu, na unanichunga sawa mbuzi!"

Kaswera alilalamika akiwa ameshikilia mlango kwa mikono miwili. Jokébed, dada wa mume wake, alikuwa uani anachambua maharagwe, wala hakuinua kichwa.

"Minaificha, ndiyo. Jana ulibeba viazi, ukaanguka sawa gunia. Docteur alikukataza mizigo, ao wewe ndiye docteur?"

"Mugongo yenye haibebe inasahau kazi."

"Basi isahau! Muguu ndiyo inakuangusha, Mama Tamar, hapana mugongo."

Wanawake wa Musienene, mashariki mwa Kongo, hubeba kwa kamba: kikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mlima mbele. Kaswera aliijua kamba hiyo kabla ya kujua kuhesabu. Ndiyo sababu, tangu alipopasuliwa uti wa mgongo huko Butembo, alikuwa akijitwisha viazi kwa siri, akiamini mzigo utamrudishia nguvu. Kovu lilikauka vizuri. Mguu wa kushoto ndio uliobaki mlegevu, kidole gumba kikiburuta udongo. Daktari alisema mishipa ilikandamizwa muda mrefu. Nguvu itarudi polepole, labda si yote. Labda! Kaswera alilala na neno hilo na kuamka nalo.

Maana ulikuwa mwaka 2000. Waasi walitawala Butembo na Beni, na risasi zilipolia kwenye kilima fulani, watu walikimbilia porini. Kaswera alizaliwa mwaka wa uhuru, 1960. Wakati wa waasi walioitwa Simba, akiwa bado mdogo, mama yake alimkimbiza mgongoni. Sasa nani atambeba mwanamke mzima? Mume wake Mathe alikuwa amekwama Mangina, barabara imefungwa.

Watu wa kipoyi walikuwepo, ndiyo. Kila kilima kina wanaume wake wa kubeba wagonjwa kwenye machela ya miti mpaka barabara kubwa. Hawalipwi. Mgonjwa akirudi, nyumba yake huwapikia chungu kimoja, wakala pamoja, basi. Kaswera naye walimbeba alipokwenda kupasuliwa, lakini nyumba yake haikupika. Alirudi dhaifu, kisha akaona aibu, kisha aibu ikahamia nyumbani kwake kabisa. Phinées, mkubwa wao, akimsalimia, yeye aliangalia chini. Moyoni alikuwa na hakika: siku ya kukimbia risasi, hao hawatakuja.

Siku hiyo ilifika mchana. Risasi zililia chini ya bonde, karibu mno. Jokébed alijitwika kikapu, akamkamata Tamar, mtoto wa Kaswera, kwa mkono mmoja, Kaswera kwa mwingine. Kaswera akapiga hatua, goti likakunjika. Akajaribu tena, wakaanguka wote.

"Peleka mutoto!" Kaswera alisema. "Enda! Unangojea nini, harusi?"

Wakaenda. Kilima kikanyamaza, hata kuku. Kaswera alitambaa nyuma ya jiko, akajifunika maganda makavu ya maharagwe. Akasikia viatu. Vya watu wengi. Mkojo ukamtoka, naye hakuona haya. Haya ni ya watu wenye nafasi.

"Mama Tamar! Uko wapi? Tutakufa juu yako!"

Alikuwa Phinées, na wanaume watatu, na kipoyi.

"Papa Phinées... chungu yenu sijapika."

"Mungu wangu! Batu banapiga masasi, na wewe unawaza chungu? Panda!"

Walimbeba mbiombio kati ya mikaratusi, kipoyi kikiyumba, yeye akiukumbatia mguu wake kama mtoto wa watu asiyetaka kutulia.

Asubuhi, porini walikomkuta Jokébed na Tamar, ukungu ulikuwa bado mzito kiasi cha kuficha moshi. Kaswera aliomba sufuria na viazi alivyokimbia navyo Jokébed. Alimenya ameketi, akapika ameketi, hakuruhusu mtu aguse mwiko. Kisha akawaita wale wanne kwa majina, mmoja mmoja, na safari hii aliwaangalia machoni.

Phinées alitafuna, akakunja uso.

"Haina chumvi."

"Chumvi iko nyumbani. Enda uilete."

Wanaume wakacheka chinichini, mikono midomoni. Mbali, risasi zikaanza tena. Kaswera akauvuta mguu wake karibu. Akaukamata kwa mikono yote miwili. Phinées alilamba vidole, akageuza sufuria juu chini aone kama imebaki kitu.

"Deni imeisha, Mama Tamar," alisema, akaenda kukaza kamba za kipoyi.