Salamu Zimekwisha, Mama

Juzi nilimsindikiza shangazi yangu hospitali. Miezi sasa moyo unamwenda mbio bila sababu, usingizi hana, hata sokoni haendi tena, anaogopa ataanguka mbele za watu.

"Shikamoo, mama. Habari za nyumbani?" daktari akamwamkia.

"Marahaba. Njema, alhamdulillahi."

"Za usingizi?"

"Njema."

"Na moyo je?"

"Salama, mwanangu." Huku vidole vyake vinasokota pindo la kanga.

Nikataka kumsemea. Daktari akanizuia kwa kiganja, akaweka kalamu chini. "Mama, salamu zimekwisha. Sasa nieleze."

Shangazi akalia, ndipo akaanza kusema. Nikawaachia chumba.

Alitoka na vidonge na miadi ya wiki ijayo. "Vidonge vitautuliza moyo," akaniambia. "Kinachoutisha, kasema tutakitafuta kwa kuzungumza."

Sisi watu wa Tanga tumelelewa kujibu "njema" hata paa likiwaka moto. Ni adabu, siilaumu, ila mbele ya daktari inatuponza.

Getini mlinzi akaniuliza, "Habari za siku nyingi, kaka?"

"Njema," nikajibu kabla hajamaliza.

Shangazi akasimama, akanitazama. "Rudi ndani," akasema. "Kile kiti bado kina joto."