Mama Aliposimama Mashuani Nkome

Baba alijifunza kuendesha mashua ya tanga mahali usipopategemea kabisa: Mwadui, kwenye bwawa la mgodi, katikati ya nchi kavu ya ng'ombe na pamba. Alikuwa fundi wa karakana, na siku za Jumapili alitunza vijimashua vya wakubwa waliopenda kushindana pale bwawani. Walimzoea, wakamfundisha. Kabla sijazaliwa alikuwa tayari anakatiza bwawa peke yake. Nilipokuwa mdogo alinisimulia habari za upepo kama baba wengine wa kwetu wanavyosimulia habari za mifugo. Lakini ziwa lenyewe, Ziwa Viktoria, alikuwa amelitazama akiwa ufukweni tu. Alistaafu, wakahamia Didia yeye na mama kulima, na bado hakuwa amelisafiria.

Mwaka nilipopangiwa kufundisha Buseresere, nilimpigia simu kumwambia kwamba kule Nyamirembe bado kuna watu wenye mashua za tanga. Akasema, "Muulize mmoja wao kama ataniachia usukani."

Nikampata Mzinza mmoja mpole, mtu mzima wa umri wa baba, aliyekubali kutuzungusha visiwani wakati wa likizo. Mama hakutaka kusikia. "Mimi maji yangu ni ya kisima," alisema. Hata hivyo jioni ya kuamkia siku ya safari alishuka na baba kwenye basi, kichwani ana mfuko mkubwa wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, vya kuwapa watakaotupokea njiani. Nilipomuuliza imekuwaje, alijibu, "Akizama peke yake, ukoo wake nitauambia nini?"

Tukaondoka asubuhi na upepo mwanana. Mwenye mashua alimwachia baba usukani kama alivyoahidi, akaenda kukaa mbele. Sijawahi kumwona baba vile. Alivua viatu, akakunja suruali, akawa anaongea na tanga kwa sauti ya chini. Tulipita mbali na misitu ya Rubondo, tukalala Maisome kwa dada wa mwenye mashua, kesho yake tukaelekea Nkome. Muda wote huo mama alikaa chini ameukumbatia mlingoti, macho kayafumba. Ukimpa chai, anapokea bila kuyafumbua.

Nkome tuliisikia kabla ya kuiona vizuri: injini, muziki wa vibandani, makuli wanaitana. Kisha mwalo wenyewe, pale vyombo vinapotia nanga na kushusha samaki, ukajitokeza. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imebanana, maboti ya abiria ya kwenda Kome na Izumacheli yanaingia na kutoka, wanawake wamesimama majini hadi mapajani na beseni zao. Baba alitazama, nikaona mkono wake umekaza usukani.

Akageuza mashua, tukarudi nyuma. Akajaribu tena, boti la mashine likakatiza mbele yetu, akageuza tena.

"Kule bwawani tulikuwa sisi na bata tu," aliniambia kwa sauti ndogo.

Mwenye mashua akamwambia kwa heshima, "Mzee mwenzangu, tushushe tanga, tuingie kwa kasia. Si aibu."

Baba alitazama juu kwenye tanga. Jasho lilimtiririka shingoni. Nilijua akikubali, safari yote itakuwa imeishia pale, hata kama tutaendelea nayo.

Hapo ndipo mama alipofumbua macho. Alimtazama mumewe, akatazama mwalo, akasimama. Akafungua kitenge chake cha juu, akakipunga huku ameshika mlingoti kwa mkono mwingine, na kwa Kisukuma cha kuitia ng'ombe toka ng'ambo ya mbuga akapaza sauti: "Tupisheni! Anakuja mzee hapa, na chombo chake hakina breki!"

Kicheko kikapasuka pwani nzima. Nahodha wa boti la abiria akapunguza mashine, vijana wakasukuma mitumbwi yao pembeni. "Pita, baba! Pita!" Njia ikafunguka. Baba akaishika, akaachia kamba wakati uleule uliotakiwa, tanga likashuka, na mashua ikateleza mpaka ikagusa mchanga kwa utaratibu kabisa. Watu wakapiga makofi. Kuli mmoja akambeba mama mgongoni kumfikisha nchi kavu, naye anacheka kama msichana.

"Mwadila, mayu," mwanamke aliyekuwa akianua dagaa akamsalimia mama kwa Kisukuma. "Umetoka wapi na sauti ya nyumbani hivyo?"

"Didia."

Neno hilo lilitosha. Nusu ya watu wa mwalo ule walikuwa wametoka kwetu, wengine wamepitia kwanza kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ndipo wakaishia kwenye samaki. Wakamzunguka. Mama akafungua mfuko, akaanza kuwagawia michembe. Mwanaume mmoja mwenye mwili mkubwa, bado kalowa, alitafuna kipande chake polepole, akageukia ziwani. "Wabeja, mayu," alimshukuru. "Mama yangu alikuwa anaipika na karanga." Mama akamwongezea viganja viwili, wala hakumuuliza mama yake yuko wapi.

Jioni tulikula sato wa kuchoma kwenye kibanda kimoja pale pwani. Baba alimsogezea mama kipande kinono. Akasema, "Mke wangu, leo umenisitiri."

"Nilikuwa naogopa kuliko wewe," mama alimjibu. "Ila nilikuona umeogopa, nikasahau ya kwangu."

Kesho yake, tulipovuka kwenda Kome, mama alikaa nyuma karibu na baba, akawa anauliza hiki kinaitwaje na kile ni cha nini. Baba alimjibu kila swali. Mimi na mwenye mashua tulijifanya tunatazama ndege.

Haikutokea safari nyingine kama ile. Macho ya baba yalianza kupoteza nuru, kisha yeye mwenyewe akatutoka. Mama bado yuko Didia. Magoti ndiyo yanamsumbua.

Mwaka jana nilipita Nkome nikienda kusimamia mitihani kisiwani. Mwalo umepanuka, na sikuona tanga hata moja. Kijana niliyemuuliza alishangaa. "Siku hizi ni mashine tu, madam." Nikampigia mama simu, nikamwambia nimesimama wapi. Nikainyoosha simu kuelekea majini, injini na makuli na wauza samaki wote wakasikika, nikairudisha sikioni.

"Eee," alisema. "Ndipo hapo."

Alianza kuniuliza jambo jingine, lakini boti langu lilikuwa linaita abiria, ikabidi nimwambie nitampigia nikifika.