Vidole Vitatu Juu ya Mlango

Jina la kaka yangu alilopewa na wazazi wanalikumbuka watu wachache, na wengi wao wameshatangulia mbele za haki. Mtaani anaitwa Timazi, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo mafundi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Yake hukaa mfukoni kama leso. Watu humtania, "Timazi akipita, kuta zinajinyoosha zenyewe." Yeye hacheki wala hanuni. Siku ya harusi yake aliinama chini ya meza kuu, kila mtu akadhani pete imedondoka, kumbe bwana harusi anakunja karatasi aiweke chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Wifi yangu husema siku hiyohiyo alijua ameolewa na mtu wa namna gani.

Ana miaka arobaini sasa katika useremala. Kasoro yake ni moja tu, haelezi. Ukimuuliza ubao huu umeukata hivi kwa nini, atakuambia, "Kazi itajieleza," kisha anarudi kwenye randa yake. Mimi ndiye kitinda mimba wetu, nimebebwa mgongoni mwake, na mpaka leo, nina wajukuu, bado ananiita Kitinda. Sijawahi kumsikia akieleza jambo mara mbili. Mengine hata mara moja sijasikia.

Nafua na kupiga pasi kwa Mwalimu, mama mstaafu anayeishi na mama yake mzazi, ambaye sote tunamwita Bibi. Bibi ana miaka tisini kasoro kidogo. Nyumba yao ina ngazi, na magoti ya Bibi yalikuwa yameshazikataa. Basi Mwalimu akataka kijumba cha magogo bustanini, chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja, Bibi ashinde humo mchana akitazama maua. Mimi ndiye niliyesema, "Mwalimu, kaka yangu anaweza." Kwa hiyo neno langu lilikuwamo ndani ya kazi ile kabla ya gogo la kwanza.

Wakati huo kaka alikuwa ametoka hospitali kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Nilimwona akisogeza rula mpaka karibu na pua. Nikanyamaza, nikamkabidhi kwa Mungu.

Alijenga wiki saba. Chini alipanga mawe, gogo la kwanza lisiguse udongo. Kila gogo alilichonga tumbo likalalia mgongo wa mwenzake, na pembeni akakata mikato, magogo yakashikana bila msumari hata mmoja. Paa akalitokeza nje hatua nzima ili mvua isiyalambe magogo. Mwalimu alizunguka akipapasa kuta. "Fundi, hii ni nyumba au kabati la nguo?" Bibi akaingia, akagonga ukuta kwa fimbo yake, akasema, "Nyumba nimepata. Sasa nitafutieni mchumba."

Nilirudi kwangu siku ile nikimshukuru Mungu njia nzima.

Wiki mbili baadaye nilikuwa napangusa vumbi mle ndani. Mwalimu amempeleka Bibi kliniki. Juu ya mlango kaka alikuwa ameweka ubao mwembamba wa kufunikia, umeshikwa na skrubu mbili tu. Nikausukuma kwa kitambaa, moja ikalegea, ubao ukaning'inia upande. Nyuma yake nikaona sufi, kama sufi ya mto. Nikaivuta. Palikuwa na uwazi. Kati ya fremu ya mlango na gogo la juu yake, vidole vyangu vitatu vilipita bila kugusa kitu.

Nilipigwa na butwaa. Nikaenda dirishani, nikafungua ubao wa pale. Sufi, na uwazi uleule. Nikakaa sakafuni na kitambaa changu mkononi.

Ni jicho, nikajiambia. Amepima vibaya, fremu zimekuwa fupi. Lakini lililonichoma zaidi ni ile sufi. Timazi, mtu aliyeinama chini ya meza siku ya harusi yake, ameficha kosa kwa sufi na ubao!

Ningemuuliza? Utamwendea vipi mtu kama yule umwambie umekosea kupima? Nikaomba, na nikaona nimepewa jibu. Nyuma ya bafu kulikuwa na mabaki ya mbao, na nusu mfuko wa saruji iliyobaki kwenye kazi ya ngazi. Nikachukua nyundo. Nikagongelea kabari moja baada ya nyingine, zikabana kisawasawa, juu ya mlango na juu ya dirisha, nikajaza saruji katikati yake, nikalainisha kwa mgongo wa kijiko. Nikarudisha mbao na skrubu zake. Mwalimu aliporudi alinikuta napika chai. Nilimshukuru Mungu kwamba macho yaliyoiona aibu ya ndugu yangu yalikuwa yangu na si ya mwingine.

Miezi mitano ikapita, na jua kali ndani yake.

Siku moja asubuhi nikiwa naanika nguo, nikasikia Bibi anaimba wimbo wa sala mle kijumbani, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Nikaitikia ubeti mzima kabla sijagundua kwamba katikati ya wimbo anataja jina langu. Mlango ulikuwa umegoma. Nikasukuma kwa bega, wapi. Mwalimu akaja mbio na kiatu kimoja. Ilituchukua karibu saa nzima na mtaimbo wa jirani kumtoa mama wa watu. Alitoka jasho likimtiririka, akatutazama mmoja mmoja. "Nimewahi kufungiwa na watu," alisema. "Kufungiwa na nyumba, bado."

Tukacheka kidogo, kwa woga. Kisha Mwalimu akainua macho, akaona mwanga wa bustani unapenya kati ya magogo, pembeni mwa mlango. Akaingiza kidole. Kikapita mpaka nje. Aliacha kucheka.

Kaka aliitwa, akaja na timazi yake. Akaangalia msingi, akaangalia pembe, akapanda juu akaangalia paa. Juu ya mlango hakuangalia, alijua alichokiweka pale. Mwishowe akasimama mbele ya nyufa na kofia mkononi.

"Sielewi," alisema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu nizaliwe.

"Fundi," Mwalimu akasema taratibu, "mama yangu alikuwa ndani. Ingekuwa moto je? Nitamwita mkaguzi. Akisema kazi ni mbovu, naibomoa, na anayeniuliza nitamwambia nani aliijenga."

"Mwite," kaka akajibu. "Akisema ni mkono wangu, randa naiweka chini. Siishiki tena."

Ninamjua. Angeiweka chini kweli, na sijui angeamka asubuhi kufanya nini. Siku tatu za kumsubiri mkaguzi sikula vizuri. Niliomba mkaguzi asiguse ule ubao. Nyufa zinaweza kusingiziwa jua, nilifikiri, lakini akiona fremu zilikatwa fupi, kaka yangu amekwisha.

Mkaguzi alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, na mabuti mazito na begi la turubai. Alimwamkia kaka, "Shikamoo mzee," akamwamkia Bibi, kisha akaanza kazi. Aliweka gololi sakafuni, nayo ikatulia palepale. Akalala kifudifudi kwenye majani kuchungulia mawe ya msingi. Akanusa gogo. Akachomeka kisu kidogo kwenye mikato ya pembeni, kisu kikakataa kuingia.

"Binti," Bibi akamwambia kutoka kitini, "unaikagua au unaiposa?"

"Nyumba hii ingekuwa na kaka, ningemposa, Bibi." Akamgeukia kaka. "Pembe hizi umekata wewe, mzee?"

"Mimi."

"Kwa mashine?"

"Kwa patasi."

Akatikisa kichwa kama mtu asiyeamini. Akazunguka tena. "Sasa hapa ndipo panaponishangaza. Ukuta wa nyuma hauna mlango wala dirisha, na haupitishi hata karatasi. Huu wa mbele wenye mlango na dirisha, kidole kinapita. Fundi mmoja, magogo yaleyale." Akapandisha macho taratibu mpaka juu ya mlango. "Nani ana bisibisi?"

"Binti," nikasema, "hapo hapana kitu. Ni urembo tu."

Wote wakanigeukia. Sina mazoea ya kusema uongo, na nadhani ulionekana usoni kama unga. Kaka akamkabidhi bisibisi.

Ubao ukatoka. Mkaguzi akagonga saruji kwa ukucha. Akagonga tena.

"Mungu wangu," alisema. "Mzee, mtu anayeweza kukata pembe kama zile, anaziba hapa?"

"Nimeziba nini?" Kaka akasogea, akaleta jicho lake karibu, kisha akapapasa kwa vidole, kwa kuwa vidole ndivyo anavyoviamini. Uso wake ukabadilika rangi. "Hii si saruji yangu. Mimi hapa niliacha vidole vitatu."

"Uliacha kwa nini?" Mwalimu akauliza.

Mkaguzi ndiye aliyejibu. "Gogo hata ukilikausha vipi, likishajengwa linaendelea kukauka, linasinyaa. Kila gogo kidogo, ukijumlisha ukuta mzima unashuka vidole viwili, vitatu. Fremu haishuki. Kwa hiyo juu ya fremu unaacha nafasi, ukuta uwe na pa kushukia, na unaweka kitu laini kama sufi, upepo usipite. Aliyeziba hapa ameusimamisha ukuta juu ya mlango. Magogo ya chini yanashuka, ya juu yamening'inia, katikati yanaachana, na uzito wote unaibana fremu. Ndiyo maana Bibi alifungiwa."

Vidole vitatu. Vilikuwa vimepimwa. Jicho halikukosea hata unywele.

"Saruji haioti, fundi," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ya baridi. "Umejenga peke yako."

Kaka alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia kama vile mkono ule umewahi kutoka usiku bila yeye kujua. Aliamini! Ndugu zangu, aliamini kwamba huenda ni yeye, kwamba amezeeka na amesahau. Hapo ndipo nilipopiga magoti kwenye majani.

"Ni mimi."

Mkaguzi akaishusha bisibisi.

"Niliona uwazi nikadhani umekosea kupima," nilimwambia kaka. "Nilidhani ni jicho. Nikaziba watu wasione."

"Wewe, Kitinda?"

"Mimi, kaka."

"Miaka yote hii unanijua. Ungeniuliza."

"Ungenijibu?"

Sikukusudia kumrudishia maneno, yalitoka tu. Timazi ilikuwa mkononi mwa kaka, akaizungusha kamba kidoleni, akaifungua.

"Hapo amekubana, fundi," Bibi akasema. "Hata mimi niliyeishi humo hukuniambia nyumba itashuka. Ningejiandaa."

Mwalimu akageuka pembeni, mabega yakamtikisika. Sikujua analia au anacheka.

Kaka akavua koti. Alituambia tukae mbali, akaanza na dirisha kisha mlango, patasi na nyundo, saruji ikidondoka vipandevipande. Kabari zangu alizichomoa moja moja, na kila moja aliitazama. Ilipobaki ya mwisho, akamwomba mkaguzi ashike fremu, akaigonga kwa upande.

Nyumba ilipiga kelele. Kwaa! Kama mti mkubwa unaovunjika. Ukuta mzima ulishuka mbele ya macho yetu, vumbi likaruka kwenye kila ufa, Bibi akainuka kitini bila fimbo, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa miaka miwili. Nilifumba macho nikasema, "Ee Mungu, mpokee." Nilipofumbua, kaka alikuwa amesimama palepale na kabari mkononi, mweupe kwa vumbi kama mwokaji.

Mwalimu akausogelea mlango. Akaugusa kwa kidole kimoja. Ukafunguka wenyewe mpaka mwisho.

Nyufa hazikufungika zote siku ile, nyingine zilisubiri mpaka siku ya nne. Lakini mkaguzi aliandika karatasi yake palepale juu ya goti, akamsomea Mwalimu kwa sauti: ujenzi ni bora, kasoro ililetwa baadaye na mtu asiye fundi. Mwalimu alimpa kaka mkono. Mimi akaniambia, "Dada, kuanzia leo nyundo ya nyumba hii nitaifungia kabatini."

Walipoingia kunywa chai, kaka alibaki anarudisha sufi, akiisokota polepole kwenye uwazi. Nilisimama karibu. Akageuza ubao upande wa ndani, akanipa penseli yake ya useremala.

"Andika," alisema.

"Niandike nini?"

"Ulichotaka kukisoma siku ile."

Nilifikiri. Mwandiko wangu si mzuri, darasa la saba la zamani, lakini nilijitahidi herufi ziwe kubwa: *Nafasi hii imeachwa makusudi. Nyumba inashuka. Usizibe.*

Akaupeleka ubao karibu na pua, akausoma wote. "Ongeza, muulize fundi."

Nikaongeza. Kisha nikamtazama. "Niandike pia kwamba fundi atajibu?"

Alichukua skrubu ya kwanza akaiweka kati ya midomo yake, kama afanyavyo akiwa hataki kusemeshwa. Halafu akaitoa.

"Andika," alisema.