Bisibisi na Mayai ya Mama

Mume wangu mtaa mzima unamwita Bisibisi, na hawajamsingizia. Kitu kikigoma, yeye hakiulizi kina nini, anakifungua. Siku ya harusi yetu redio ilianza kukwaruza, akaigeuza matumbo nje hapo hapo na suti yake, wageni wakamalizia kucheza kwa makofi. Nampenda, sikatai. Lakini pasi yangu nimeificha chini ya kitanda, maana imeanza kuchelewa kupata moto na sitaki ajue.

Duka letu ni chumba kimoja. Upande wa dirishani ni wangu: cherehani, meza ya kukatia, nguo za watu zinazosubiri vifungo. Upande wa ndani ni wake: redio zisizo na mifuniko, feni zisizo na mapanga, na nyaya ambazo ole wako uzitupe. Mpaka ni utepe wa gundi niliobandika sakafuni, na anayeuvuka kila siku ni yeye. Safari hii aliuvuka amebeba sanduku zima la mama yangu la kutotolesha vifaranga, akalitua juu ya meza yangu ya kukatia.

Mama anaishi kwa kuku. Kidhibiti joto cha sanduku lile kilikufa mayai yakiwa ndani, yamekaribia kabisa kutotolewa. Bisibisi akamwambia, kifua mbele, "Mama, niachie mimi. Leo leo." Akang'oa kidhibiti cha zamani, akaweka kibao kidogo chenye chipu ya kupima joto na kuwasha na kuzima taa za sanduku. Shida ni kwamba chipu mpya haijui lolote mpaka iandikiwe maagizo kwenye kompyuta. Maagizo alikuwa ameyaandika, tena kwa mbwembwe. Kilichokosekana ni kompaila, ile programu ya kuyageuza maagizo ya mtu yawe lugha inayoeleweka na chipu. Hiyo ilibidi aiweke kwenye laptopu yetu kuukuu yenye mfumo wa Linux, akifuata maelekezo kwenye simu.

Huku nyuma Mama alikuwa nyumbani kwake na mayai kwenye beseni, ameyafunika sweta, ameyazungushia chupa za maji ya moto. Kila maji yakipoa anachemsha mengine, na kila akichemsha anapiga simu.

"Baba, imefikia wapi?"

"Bado kidogo tu, Mama."

Uongo mtupu. Alikuwa ameandika amri ya kwanza, na kompyuta ikamjibu kwamba hana ruhusa.

"Sina ruhusa?" Akanigeukia kana kwamba nimemkatalia mimi. "Hii kompyuta si nimeinunua mwenyewe?"

"Ionyeshe risiti," nikamwambia.

Maelekezo yakasema amri ianze na neno la kuomba mamlaka, halafu kompyuta itadai nywila. Akaliongeza, na kweli ikadai. Akabonyeza herufi mbili tatu, akasimama. Kwenye kioo hakuna kitu. Si herufi, si nyota, hata nukta. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Kimya.

"Kibodi imekufa," akatangaza.

Nilijua kinachofuata. Dakika si nyingi skrubu zilikuwa zimetapakaa juu ya gauni la bibi harusi wa watu, naye anasugua vitufe kwa mswaki. Mswaki wenyewe wangu. Akatoa vumbi, nywele na mbegu ya chungwa, akaviangalia kwa ushindi kama daktari aliyeupata ugonjwa. Akafunga. Akaanza kuandika nywila. Kimya kile kile.

Akaenda kuazima kibodi kwa jirani mwenye duka la kuchapisha. Nayo haikuonyesha kitu. Kabla sijafungua mdomo, na yenyewe ilikuwa imelala chali, haina mfuniko.

"Jirani!" yule bwana akapiga kelele mlangoni. "Hiyo ilikuwa nzima!"

"Ilikuwa," Bisibisi akasema, bila kuinua kichwa.

Hapo ndipo Mama alipoingia, beseni kifuani, jasho likimtiririka. "Gesi imeniishia," akasema. "Sina tena cha kuchemshia. Haya yakipoa sasa hivi, basi tena." Akaketi kwenye kiti changu, akalikumbatia beseni. Nikashikwa na hasira.

"Bisibisi! Weka hiyo bisibisi chini! Andika hiyo nywila mpaka mwisho, ikukatae yenyewe!"

Akarudisha mfuniko, akachomeka, akaketi. Kwa kuwa hakuona anachoandika, ikabidi aitamke taratibu ili asipotee njiani.

"Mama," akasema, akibonyeza.

"Abee, baba," Mama akaitika.

"Mkwe..." Akabonyeza. "Mkali..." Vidole vikasimama hewani. Shingo yake ikalowa. Akiacha hapo, itabidi aanze upya, na mayai yanapoa. Akiendelea, ndiyo hivyo tena. Akainamisha kichwa, akamalizia kwa sauti ya mtu anayeungama: "Kama... pilipili."

Akagonga kitufe cha mwisho. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, haraka haraka. Kibodi haikuwa na ugonjwa wowote. Kompyuta ilikuwa inaficha nywila tu, ili asiione mtu mwingine.

Hakuna aliyecheka. Mimi niliuma mtandio wangu mpaka machozi yakanitoka. Mama alikuwa ameukazia macho ukuta.

Kompaila ikakaa. Maagizo yakageuzwa, yakapita kwenye waya mpaka kwenye chipu, kijitaa chake kikakonyeza. Taa za sanduku zikawaka. Mama akayapanga mayai ndani moja moja, tukabaki tunakodolea kipimajoto kinachopanda. Kilipofika panapotakiwa, taa zikazimika zenyewe. Kikashuka kidogo, zikawaka tena. Mama akachukua yai moja, akalitega sikioni, akafumba macho. Kisha akaniwekea mimi. Ndani, kwa mbali, kuna kitu kilikuwa kinalia.

Akatoa simu, akapiga.

"Fundi, usije tena. Najua nilikuita, najua uko njiani. Hapana, bei haina neno. Sanduku ameshalitengeneza mkwe wangu."

Bisibisi alikuwa amegeukia ukutani, anaviringisha waya ambao ulikuwa umeshaviringishwa. Miaka yote hii Mama akimtaja kwa watu humwita "mume wa binti yangu".

"Ndiyo, wangu," Mama akasema kwenye simu. "Nilikuwa naye siku zote, nilikuwa sijamtuma tu."